Takeda, Takatori au Azuchi: siku moja ya vuli, uende gofu lipi la ngome Japani?

Picha unaijua hata kama jina hulijui. Kuta za mawe juu ya kilele, chini yake kote mawingu meupe kama sufi iliyotandazwa, jua ndiyo kwanza linachomoza. Ni Takeda, mkoa wa Hyogo. Kila ikifika Oktoba lazima nipate ujumbe kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Osaka au Kobe, mwanafunzi au mtu wa kiwandani: "Kaka, pale kwenye mawingu panaendwaje? Jumapili niko ofu." Nami humjibu kwa swali: unaamka saa ngapi?

Maana picha ile na siku moja ya mapumziko mara nyingi hazipatani, na kuna magofu mengine mawili ambayo huenda yakakufaa zaidi bila hata kuweka kengele ya simu. Nimeona niandike mara moja, nisirudie maelezo yaleyale kila vuli.

Magofu ninayolinganisha ni Takeda, Takatori ya mkoa wa Nara, na Azuchi ya mkoa wa Shiga. Ukikaa Osaka, Kyoto au Kobe, yote matatu unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Yote yako mlimani, na yote wakati wake ni huu. Vuli ya huku, tuelewane, si ile ya mvua tuliyoizoea sisi. Septemba vimbunga bado vinapita, lakini kuanzia katikati ya Oktoba hewa inakauka, mbu wanapotea, na Novemba miti inageuka rangi. Ukienda Agosti utakutana na jasho na nyoka. Ukingoja baridi iingie sawasawa, Takeda utaikuta imefungwa, kuanzia Januari 4 hadi mwisho wa Februari.

Usitegemee kasri

Ngome za Japani ambazo bado zina mnara mkuu wa asili ni 12 tu nchi nzima, na kati ya hizi zetu tatu hakuna hata moja. Nilimpeleka shemeji yangu Takatori, tukapanda karibu saa mbili, tukafika juu tukaketi kula. Alipomaliza akatazama huku na huku, akauliza: "Shem, sasa ngome yenyewe iko wapi?" Nikamwambia umeikalia.

Kilichobaki ni ishigaki, kuta za mawe. Vilivyokuwa juu yake vilikuwa vya mbao, udongo na vigae, vitu vinavyoungua, vinavyooza, au vinavyouzwa. Aliyezoea magofu ya Kilwa au Gedi, ambako matumbawe yameshikwa kwa chokaa na mlango au kibla bado unakiona, hapa macho yake yatachukua muda kuelewa. Kuta hizi hazina chokaa. Jiwe limelala juu ya jiwe kwa uzito wake tu, nyuma yake wamejaza kokoto ili maji ya mvua yapite yasiusukume ukuta. Tazama pembe za ukuta kwanza: mawe marefu yamepishanishwa, moja limelala huku, la juu yake limelala kule. Fundi mzuri anaonekana kwenye pembe.

Tofauti yao kubwa iko kwenye namna kila moja lilivyokufa, na ukilijua hilo umeshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua. Azuchi iliungua mwaka 1582, miaka mitatu tu baada ya mnara wake kukamilika. Takeda iliachwa mwaka 1600, mwenyewe akiwa amekufa. Takatori haikuungua wala haikutelekezwa vitani. Iliishi hadi zama za Meiji, ngome zilipofutwa kwa amri mwaka 1873, kisha majengo yakabomolewa na msitu ukaja kuchukua nafasi. Kwa hiyo Azuchi unaendea habari zake, Takeda unaendea umbo lake, na Takatori unaendea mawe yenyewe.

Takeda: ya kutazamwa kwa mbali

Mlima wenyewe si mrefu, karibu mita 354. Kuta zimenyooka juu ya mgongo wake kama mita 400 kutoka kaskazini hadi kusini, na mita 100 kwa upana. Wenyeji waliiita ngome ya chui milia aliyelala, na ukiitazama kutoka upande wa pili wa bonde unaona kweli mgongo, mabega na mkia. Ngome ya kwanza hapo ni ya karne ya 15, wakati wa ukoo wa Yamana. Kuta za mawe unazoziona ni za bwana wake wa mwisho, Akamatsu Hirohide. Mwaka 1600, katika vita vya Sekigahara, alianza upande ulioshindwa, akahamia upande ulioshinda, akaenda kushambulia ngome ya Tottori. Mji wa Tottori ukaungua, lawama ikamwangukia yeye, akaamriwa kujiua. Takeda haikupata bwana mwingine.

Sasa mawingu. Si mawingu hasa, ni ukungu wa mto Maruyama unaopita chini ya mlima. Usiku wa vuli anga ikiwa wazi, ardhi inapoteza joto haraka na hewa ya bondeni inapoa, huku maji ya mto yakiwa bado na uvuguvugu. Mvuke unaganda kuwa ukungu, bonde linajaa kama beseni. Unahitaji mambo manne kwa pamoja: anga safi usiku, upepo umetulia, mchana wa jana ulikuwa na joto na usiku una baridi, na ikiwezekana mvua ilinyesha siku moja kabla. Msimu wake ni Septemba hadi Novemba, saa zake ni alfajiri hadi kama saa mbili asubuhi. Jua likipanda, basi.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ile picha haipigwi ukiwa kwenye ngome. Inapigwa Ritsuunkyo, kwenye mteremko wa mlima mwingine ng'ambo ya bonde. Ukiwa ndani ya ngome, ngome huioni. Unaona mawingu yamekuzunguka, jambo ambalo nalo si haba, ila si ile picha.

Mara ya kwanza mimi nilikwenda kwa treni ya kwanza kutoka Osaka. Unabadilisha Himeji, unabadilisha tena Teramae, unaingia kitreni cha dizeli kinachosuasua milimani. Baada ya Teramae dirisha likawa jeupe, moyo ukafurahi, nikajiona mjanja. Tulipofika stesheni ya Takeda ilikuwa imeshapita saa mbili, na ukungu uliobaki ni kipande kimoja tu kimening'inia juu ya mgongo wa mlima kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikapanda hivyohivyo. Ngome nzuri, anga la buluu, picha za kawaida.

Mara ya pili nililala Wadayama, stesheni inayofuata, na teksi niliiagiza jioni ili alfajiri nisihangaike. Kutoka maegesho ya Ritsuunkyo hadi jukwaa la juu ni kama dakika 40 za kupanda kwenye giza. Kuna majukwaa ya chini zaidi kwa asiye na pumzi. Mbele yangu ulikuwa mstari wa tochi za kichwani, watu kimya kabisa, unasikia mihemo na vikengele tu. Vikengele ni vya dubu: milima hii ya kaskazini ya Hyogo ina dubu weusi, na watu huvifunga kwenye mikoba ili dubu awasikie mapema. Juu tukasimama karibu saa nzima, baridi ikitafuna vidole, mbele yetu weupe mtupu. Kisha ukungu ukaanza kushuka na kupanda kama maziwa yanayotaka kumwagika sufuriani, na katikati yake ikatokea pembe moja nyeusi ya ukuta. Mzee mmoja mwenye kamera akasema polepole, "Deta." Imetoka. Ikazama, ikatoka tena, safari hii nzima. Hakuna aliyepiga kelele.

Je, ilistahili usiku wa hoteli na teksi? Kwangu ndiyo. Lakini asubuhi ileile walikuwepo watu wa mara ya tatu ambao mara mbili za mwanzo walirudi bila kuona kitu. Ukungu hauuzi tiketi. Kama huwezi kukubali kurudi mikono mitupu, usijenge safari nzima juu yake.

Ngome yenyewe vuli hufunguliwa tangu saa kumi alfajiri. Nilipokwenda kiingilio kilikuwa yeni 500, na Ritsuunkyo yeni 300. Kutoka stesheni kuna basi linalokufikisha sehemu, kisha unatembea kama dakika 20. Au upande kwa njia iliyo nyuma ya stesheni, kama dakika 40, ngazi kali zisizo na huruma kwa magoti. Ndani unafuata njia iliyopangwa. Zamani watu walijitembelea watakavyo, lakini umaarufu ulipolipuka mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyasi zilikanyagwa hadi udongo ukabaki mtupu, ndipo yakaja mazulia ya kukanyagia na kamba. Usiudhike nazo. Na angalia watoto: kingo nyingi za kuta hazina uzio, na chini ni mbali.

Takatori: ya kutembelewa polepole

Kama Takeda ni mlimbwende, Takatori ni bibi aliyekaa msituni na haina haja ya kukuvutia. Naipenda zaidi ya zote, nalisema mapema ili upime maneno yangu.

Mlima una mita 584. Ngome hii ni mojawapo ya zile ziitwazo ngome tatu kuu za milimani Japani, pamoja na Iwamura ya Gifu na Bitchu Matsuyama ya Okayama. Alianza Ochi Kunizumi mwaka 1332, na mwaka 1640 ikaja mikononi mwa ukoo wa Uemura, walioishika hadi mwisho wa utawala wa masamurai. Kuta zake nyeupe zilionekana kutoka bondeni mbali hivi kwamba watu walisema ni kama theluji imeanguka mlimani. Leo ukiwa bondeni huoni kitu, ni miti tu, na hilo ndilo linalowafanya wengi waipite.

Unashuka stesheni ya Tsubosakayama ya reli ya Kintetsu, kama dakika 50 kutoka Osaka-Abenobashi. Kutoka stesheni hadi kilele ni karibu saa mbili kwa mwendo wa kawaida, na saa ya kwanza si mlima. Ni barabara ya zamani ya Tosa-kaido, nyumba za mbao pande zote mbili, mfereji mdogo wa maji kando ya njia, maduka ya mji ambao tangu zamani unajulikana kwa kutengeneza dawa. Jina Tosa lenyewe linasemwa ni la vibarua walioletwa kutoka nchi ya Tosa, kisiwani Shikoku, kuja kujenga majumba ya Asuka, mji mkuu wa kale, kazi ikaisha na nauli ya kurudi hawakuwa nayo, wakabaki na jina la kwao. Mtu yeyote wa ughaibuni anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha msitu unaanza, miti ya sugi, mierezi ya Kijapani, mirefu iliyonyooka, kiza kidogo hata mchana. Njia inajipinda mara saba, halafu unafika mahali paitwapo Issho-zaka, mteremko wa issho moja. Issho ni kipimo, kama lita 1.8. Wanasimulia kwamba waliokokota mawe ya ngome walipofika hapa walikuwa wamechoka kiasi kwamba ilibidi waongezewe issho moja ya mchele ndipo wasogee. Simama hapo na mkoba wako wenye chupa mbili za maji, utazame juu. Utaona malipo yalikuwa madogo.

Juu kidogo, pale njia ya ngome inapoachana na njia ya kushukia Asuka, amekaa mtu wa jiwe. Wanamwita saruishi, jiwe la nyani, ingawa kwangu anafanana zaidi na mzee aliyesikia mzaha na anajizuia kucheka. Ni wa zama za Asuka, mkubwa kwa umri kuliko ngome yenyewe kwa karne nyingi. Hata kwenye kuta za Takatori kuna mawe yaliyochukuliwa kwenye makaburi ya kale ya eneo hilo. Wajenzi hawakuwa na muda wa kuheshimu sana; jiwe lililochongwa tayari ni jiwe lililochongwa tayari.

Baada ya hapo kuta zinaanza, na haziishi. Lango baada ya lango, kila moja limepindishwa ili adui asipate mwendo wa moja kwa moja, na kila ukidhani umefika, kuna ukuta mwingine juu yako. Mizizi imepenya katikati ya mawe. Ukiweka kiganja kwenye ukuta upande wa kivuli unapata ubaridi na kuvu laini, upande wa jua jiwe lina joto kama mkate. Mwisho wa Novemba miti ya momiji iliyoota kando ya kuta kuu inakuwa myekundu kabisa, na majani yakianguka yanakaa kwenye kila jukwaa la jiwe kana kwamba kuna mtu amepita kuyapanga. Hapa ndipo mpiga picha anaposahau treni.

Na asiisahau. Mwisho wa Novemba jua la Nara linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na ndani ya msitu giza linatangulia. Fika juu kabla ya saa saba mchana, anza kushuka saa nane. Mawe ya njia yakifunikwa na majani mabichi yanateleza kama sabuni.

Hakuna kiingilio, hakuna basi la watalii, na katikati ya wiki unaweza kukutana na watu wasiozidi vidole vya mikono miwili. Isipokuwa Novemba 23, siku ya sikukuu, ambapo mji una tamasha la ngome na barabara ya Tosa-kaido inajaa watu waliovaa deraya. Ukitaka uhai, nenda siku hiyo. Ukitaka kimya, iepuke.

Kuna njia ya mkato kwa mvivu mwenye akili: basi kutoka stesheni hadi hekalu la Tsubosaka-dera, ambako watu wenye maradhi ya macho wamekuwa wakija kuomba tangu kale, kisha unatembea kama saa moja kupitia miamba iliyochongwa mamia ya sanamu za wanafunzi wa Buddha. Ningeenda kwa njia hiyo na kushukia Tosa-kaido. Magoti yatalalamika, lakini mapafu yatashukuru.

Azuchi: ya kusimuliwa

Kwa macho matupu Azuchi ni ya tatu kati ya hizi. Mlima wa mita 199, zamani umezungukwa na ziwa pande tatu, sasa mashamba ya mpunga, kwa sababu maji ya pembeni ya ziwa Biwa yalikaushwa karne ya 20 ili kulima. Kuta ziko, lakini nyingi zimepangwa upya. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo yenye habari ya kumfanya asimame katikati ya ngazi.

Oda Nobunaga, mbabe aliyekaribia kuiunganisha Japani kwa upanga, alianza kuijenga mwaka 1576. Mnara ulikamilika 1579. Mwaka huohuo 1579 padri Mwitaliano wa Kijesuiti, Alessandro Valignano, alitua Japani akiwa na Mwafrika katika msafara wake. Wajapani walimwita Yasuke. Kitabu cha Kijesuiti kilichotoka Ufaransa mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 alipofika Kyoto watu walisongamana kumtazama hadi wengine wakaumia. Nobunaga akamwita, hakuamini rangi yake, akaamuru avuliwe hadi kiunoni na kusuguliwa. Kadiri alivyosuguliwa ndivyo alivyozidi kung'aa. Akamwomba abaki naye. Kumbukumbu za maisha ya Nobunaga zinamtaja kijana wa miaka 26 au 27, mwenye nguvu za watu kumi, aliyepewa posho, upanga mfupi na nyumba. Bwana mmoja, Matsudaira Ietada, alimwona mwaka uliofuata akaandika kwenye shajara yake kwamba kimo chake ni shaku 6 na sun 2, yaani karibu sentimita 188.

Makao makuu ya Nobunaga wakati huo yalikuwa hapa. Ngazi kuu, Ote-michi, ina upana wa mita 6 na inapanda moja kwa moja, jambo la ajabu kwa ngome, kwani ngome zote hupindisha njia. Pembeni kuna viwanja vya nyumba zinazosemwa zilikuwa za majemadari wake, Hashiba Hideyoshi na Maeda Toshiie. Mara ya kwanza nilipanda nikihesabu ngazi. Mara ya pili nilipanda nikijiuliza kijana wa pwani ya Msumbiji alipandaje hapa Januari, akiwa na viatu gani.

Tazama chini unapopanda. Baadhi ya mawe ya ngazi ni sanamu za Buddha, zilizokusanywa haraka kama matofali. Siku hizi zimewekewa alama na watu huacha sarafu mbele yake. Juu kabisa kuna mawe ya msingi ya mnara, yamepangwa kwa mistari, mafupi, ndani ya shimo la kuta. Hapo palisimama jengo ambalo Valignano alipozuru mwaka 1581 Nobunaga aliliwasha taa kwa usiku mmoja, taa zikaning'inizwa hadi juu, mji mzima ukitazama kutoka gizani. Mwaka uliofuata Akechi Mitsuhide akamwasi bwana wake katika hekalu la Honno-ji, Kyoto. Yasuke alikuwepo, akapigana, akakamatwa, akapelekwa kwa mapadri, na hapo habari zake zinakatika. Siku chache baadaye mnara ukateketea. Nani aliuwasha, wanahistoria hawajakubaliana.

Kushuka pitia upande wa hekalu la Soken-ji. Lango lake na pagoda ya ghorofa tatu ndivyo vitu vya mbao vilivyosalia tangu wakati wa Nobunaga, na kwa anayetaka kuona momiji, hapa panatosha. Kutoka hapo maji yanaonekana kwa mbali. Halafu usirudi kabla ya kufika makumbusho ya Nobunaga no Yakata, si mbali na stesheni ya Azuchi kwa baiskeli ya kukodi: ndani wameijenga upya ghorofa ya tano na ya sita ya mnara kwa ukubwa wake halisi, kazi iliyopelekwa kwenye maonyesho ya Seville mwaka 1992. Dhahabu, rangi nyekundu, dari zilizochorwa. Hapo ndipo yale mawe mafupi ya kilimani yanapopata maana.

Miguu, mfuko, tumbo

Kwa miguu, Azuchi ndiyo nafuu: saa moja na nusu inatosha kupanda, kutazama na kushuka, ingawa ngazi zake ni ndefu na hazilingani, na mwenye magoti mabaya atasikia. Takeda kwa basi ni wastani. Takatori ni siku nzima ya kutembea, haina mjadala. Mama yangu mdogo alipotutembelea nilimpeleka Azuchi, na hata hapo alikaa nusu ya njia akasema, "Endeleeni wanangu, mie nitawasikiliza mkirudi."

Kwa mfuko, Takatori ni nauli tu. Azuchi nililipa yeni 700 getini na zaidi kwenye makumbusho. Takeda kiingilio ni kidogo lakini nauli ni ndefu, na ukitaka ukungu ongeza hoteli na teksi. Hapo imeshakuwa safari ya siku mbili iliyojiita ya siku moja. Beba fedha taslimu kote kutatu, na nenda chooni stesheni.

Treni: Azuchi ni kama dakika 50 kutoka Kyoto, lakini treni ya haraka haisimami hapo, unashuka Omi-Hachiman na kusubiri ya kawaida. Laini ya Takeda ina treni chache. Ukiikosa moja utakuwa mwenyeji. Faida yake ni kwamba unapita Himeji, na ngome ya Himeji bado ina mnara wake. Asubuhi gofu, mchana ngome nzima: hapo ndipo utaelewa kilichokuwa juu ya kuta zile.

Chakula nunua konbini, yale maduka madogo ya kila kona, kabla ya kupanda, kote kutatu. Ukienda Nara mwezi huu tafuta kaki, matunda ya rangi ya chungwa yanayouzwa kando ya barabara kwenye vibanda visivyo na muuzaji, unaweka sarafu kwenye kopo unachukua mfuko. Nunua yaliyoanza kulainika.

Ningeamuaje

Mwenye gari, au aliye tayari kulala Wadayama, aende Takeda mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na achague siku kwa utabiri: jana mvua, leo jua, upepo hakuna. Asiye na hayo mawili asiende Takeda kwa ajili ya mawingu. Aende kwa ajili ya kuta na Himeji, na hatajuta.

Mwenye miguu mizuri na Jumamosi moja tu ya vuli, Takatori, wiki ya tatu au ya nne ya Novemba. Hapa sibabaiki.

Mwenye watoto, wazazi, wageni kutoka nyumbani, au aliyeamka saa nne asubuhi na bado anataka kutoka, Azuchi. Wasimulie habari za Yasuke mkiwa kwenye treni, si mkiwa juu, maana kule watoto watakuwa wanashindana kukimbia ngazi.

Na wewe uliyeniandikia juzi kuhusu Jumapili hii: nimeangalia hali ya hewa, wanasema mvua asubuhi hadi mchana. Mawe ya Takatori hayapandiki kwa mvua, na Takeda utaona kijivu. Chukua mwavuli, anzia makumbusho ya Azuchi, ikikatika saa nane panda. Mwisho wa kuingia getini ni jioni mapema, kwa hiyo usichelewe kwenye zile dari za dhahabu.